Kapeti la Kijani la Ignas Banzi

Siku alipozikwa Ignas Banzi, kule juu ya Bigwa, jambo moja liliwashangaza wageni waliotoka Dar es Salaam. Jeneza lilipokaribia kaburi, mwanamke mmoja mtu mzima, aliyejifunga khanga kiunoni, alichomoka kati ya waombolezaji, akakunjua kipande cha kapeti la kijani lililopauka, akakitandika kwenye udongo mwekundu, kisha akawanyooshea kidole waliobeba jeneza.

"Hapiti mtu hapa na viatu," alisema. "Mwenyewe ndivyo alivyotaka."

Padre alisimama na kitabu chake mkononi. Watu wa mlimani wakaangua kicheko huku machozi yanawatoka, na wabebaji, wanaume wazima wenye suti zao, wakalitua jeneza, wakainama kufungua kamba za viatu.

Baadaye wapo walioshuka mjini na kusimulia kwamba familia ya Banzi ilidhalilishwa makaburini. Waliosema hivyo hawakujua utani ni nini, wala hawakujua kapeti lile lilitoka wapi. Habari ya kapeti lile ndiyo sehemu kubwa ya habari ya Ignas mwenyewe, na ni vizuri isimuliwe jinsi ilivyokuwa.

Ignas alizaliwa kwenye mteremko ule ule alikozikwa. Baba yake alikuwa katekista, mama yake mkulima wa mboga. Tangu utotoni alikuwa na maradhi yasiyo na dawa: hakuweza kupita jambo bila kuliuliza. Aliwahi kutia mkono ndani ya mzinga wa nyuki, si kwa tamaa ya asali, bali kwa kutaka kujua vyumba vya ndani vimegawanywaje. Alirudi nyumbani uso umevimba hata mama yake akamtambua kwa kaptula yake. Alipoulizwa kama amekoma, alijibu kwamba vyumba vyote vina umbo moja, ila bado hajaelewa kwa nini.

Alisomeshwa na misheni, akawa mwalimu wa hisabati, kisha akaenda kusomea mambo ya ushirika. Alimwoa Winfrida, mwalimu mwenzake, wakajenga mtaa wa Kilakala, nyumba iliyojulikana kwa vitabu vyake na kwa watoto waliosalimia watu njiani. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno yaliyopimwa. Alipotoa ahadi aliitimiza, na alipoona hawezi kuitimiza hakuitoa. Isipokuwa mara moja tu, alipoahidi kabla ya kupima.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Viwandani kelele za mashine zilikuwa zikipungua na madukani bidhaa zikiongezeka. Watu ambao jana waliitwa walanguzi, leo waliitwa wafanyabiashara, na walipanda mlimani na malori ya Fuso mpaka pale barabara inapokwisha, wakanunua kabichi zikiwa bado na umande. Chama cha wakulima wa mboga, ambacho Ignas alikuwa katibu wake, kilikuwa na banda kubwa la bati pale Bigwa, na mizani, na mazoea ya miaka mingi ya kungoja. Kilingoja wakulima washuke na matenga yao, kikangoja lori lijae, kikangoja mnunuzi apatikane. Sasa aliyengoja alikuta shamba tupu.

Wanunuzi wakubwa wa Dar, wenye mahoteli na makambi ya wafanyakazi, hawakukichukia chama. Walitaka jambo moja tu. "Bwana Banzi," mmoja wao alimwambia, "wewe niambie Jumatatu kwamba Jumamosi utanipa nini. Basi. Sitakwenda kwa mwingine."

Nani angejua? Kabichi za mlimani zilijulikana na wenye kabichi. Wiki moja lori liliondoka nusu tupu. Wiki iliyofuata matenga yalibaki bandani yakinuka mpaka mbuzi wa jirani wakanenepa.

Ndipo akapelekwa Dar kwenye mafunzo mafupi, na huko akakutana na kompyuta. Alimweleza Winfrida aliporudi, akiwa bado hajavua koti. Alimwambia kuwa ukiipa mashine ile habari ya nani kapanda nini na lini, nayo ikajua kila zao hukomaa baada ya muda gani, itakuambia mlima mzima utavuna nini wiki tatu zijazo. Macho yake yalikuwa kama ya yule mtoto wa mzinga wa nyuki. Wafadhili wa nje waliombwa, wakakubali. Kilichobaki kilikuwa kibali cha wanachama.

Kwenye mkutano mkuu Ignas alisimama mbele ya watu akasema, "Mlima huu una akili nyingi, ila akili yake imetawanyika vichwani mwenu. Nataka mahali pa kuikusanya."

Walimpigia makofi. Mwenyekiti, Mzee Kibwana, mwenye kanzu nyeupe na sauti ya taratibu, alingoja makofi yaishe. "Na isipotufaa, Bwana Katibu?"

"Mkutano mkuu ujao, Mzee, kama haijatufaa, itoeni. Na mimi nitoeni pamoja nayo."

Jioni ile Winfrida alimwambia kwamba sentensi ya kwanza ingetosha. Ignas alikubali. Lakini neno lilikuwa limeshatoka mbele za watu, na kwa akina Banzi neno likishatoka halirudi ndani kutafuta kofia.

Kompyuta ilipowasili ilipewa chumba kilicho bora kuliko vyote. Zamani kilikuwa chumba cha kupumzikia akina mama walioshuka mlimani na mizigo. Kilipakwa chokaa, kikawekwa pazia na kiyoyozi kilichokwishatumika mahali pengine, na sakafu yote ikatandikwa kapeti la kijani, nene, ambalo Ignas alilichagua mwenyewe. Fundi aliyekuja nayo kutoka Dar alisema adui wa kompyuta ni vumbi, na alisema kwa ukali hata watu wakadhani vumbi nalo limesikia. Basi mlangoni kikabandikwa kibao: VUA VIATU. Bomba likavutwa hadi nje ya mlango kwa wale ambao hawakuwa na viatu vya kuvua.

Mwendeshaji alikuwa Grace, binti aliyehitimu mafunzo mjini, nadhifu kama yai. Aliipenda mashine ile kwa moyo wote. Aliidarizia kitambaa cha maua ya zambarau, na kila jioni aliifunika, akafunga mlango, akaondoka na ufunguo.

Siku za kwanza watu walijipanga kuiona. Waliingia wakinyata, wakanong'ona, wakatoka nyuso zimekunjamana kama waliotoka kumwona maiti wa mtu mkubwa. Kisha wakaacha kuja. Utaratibu ulisema kila mwanachama akishuka Bigwa apite kwa Grace, aeleze alichopanda. Hawakupita. Umeme ulipokuwepo Grace alikaa mbele ya skrini yenye herufi za kijani akisubiri watu. Umeme ulipokatika alisubiri umeme.

Ignas hakukasirika. Alianza kujiuliza. Kwanza alidhani watu hawaielewi, akaitisha semina. Wakaielewa vizuri kabisa, wakala wali, wakarudi makwao. Kisha alidhani wanaiogopa, lakini alipowauliza walicheka. "Tuogope nini, Mwalimu? Ina meno?" Akadhani labda mabwana shamba hawajawahimiza, akakuta wamewahimiza mpaka wamekauka koo. Kila jibu alilolipata lilikuwa jibu zuri la swali jingine.

Siku moja ya mvua za masika alivuta kiti, akakaa kwenye baraza la banda akitazama mlango ule, kama mtu anayetazama panya wanapita wapi.

Wanawake walishuka wakiwa wamelowa, udongo umewafika magotini. Walipima mboga zao kwenye mizani, wakabishana, wakacheka, wakajikamua khanga. Wakautazama mlango wenye kibao. Wakaitazama miguu yao. Wakaondoka. Akaja bwana shamba mmoja na mabuti ya mpira yaliyojaa maji; akainama kuyavua, akakumbuka soksi zake, akainuka, akaondoka akipiga mluzi. Hata Mzee Kibwana mwenyewe alifika mpaka mlangoni, akasimama na kandambili zake, akageuka.

Aliyefika mpaka ndani alikuwa Mwaisha tu. Huyu alikuwa mkulima wa karoti na njegere, shamba lake likipakana na la mama yake Ignas. Kwa Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na ukoo wa mama yake Ignas na ukoo wa Mwaisha ni watani tangu enzi zisizokumbukwa. Ignas alisali kanisani na Mwaisha msikitini, lakini utani haukuuliza hilo. Mwaisha aliweza kumwambia Ignas maneno ambayo mwingine yeyote angeyasema angeombwa aombe radhi.

Mwaisha alinawa miguu bombani, polepole, mpaka vifundoni, watu wote wakimtazama. Akanawa na mikono. Akaingia, akasimama katikati ya kapeti, akageuka huku na huku.

"Mama, unatafuta nini?" Grace alimuuliza.

"Nimevua viatu, nimetawadha," Mwaisha alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mizani. "Sasa nionyeshe, mwanangu, kibla kiko wapi?"

Banda zima lililipuka. Grace akainamisha uso. Ignas alikuja mlangoni akicheka bila kutaka.

"Mtani, unamtia aibu mtoto wa watu."

"Aibu umeitia wewe, mtumwa wangu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni wenu ana miezi, yuko sebuleni, kafunikwa kitambaa, kapewa kiyoyozi, na chumba chetu cha kunyooshea migongo mmempa yeye. Atalima lini?" Akatoka, akachukua tenga lake, akaenda zake.

Ignas alibaki ameshika mwimo wa mlango. Alilitazama kapeti, na nyayo mbili za maji alizoziacha Mwaisha, nyayo za kwanza mwezi ule. Ilimjia kwamba hakuna aliyeidharau mashine yake. Walikuwa wameiheshimu kupita kiasi. Nani atakayekwenda kila wiki, na matope, na njaa, na mzigo wa mume na watoto, kumwamkia mgeni wa heshima? Na heshima ile aliianza yeye mwenyewe.

Asubuhi yake aliagiza kompyuta ihamishiwe bandani, mezani, hatua chache kutoka kwenye mizani.

Grace alikaribia kulia. "Bwana Katibu, vumbi litaiua."

"Ikifa kazini, Grace, tutaizika kwa heshima. Ikifa pale kwenye kapeti tutasema nini msibani?"

"Fundi alisema..."

"Fundi yuko Dar. Hajawahi kuona masika ya Bigwa."

Mzee Kibwana naye alitikisa kichwa, akasema kitu cha thamani hakiwekwi njia panda. Lakini alileta turubai lake mwenyewe la kuifunika usiku, na alipoulizwa kama bado anapinga alisema anapinga, ila hapendi kuona kitu kinalowa.

Ignas alidhani kazi imekwisha. Kwa kweli ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Sasa watu walipita kwa Grace bila kuambiwa, kwa sababu haikuwezekana kufika kwenye mizani bila kumpita. "Shikamoo mama. Umepanda nini?" "Marahaba, mwanangu. Kabichi." "Kiasi gani?" "Kidogo tu." Aliyefuata naye alikuwa na karoti kidogo. Wa tatu, njegere kidogo, vijimistari tu vya kumwagilia. Felista wa kijiji cha misheni, ambaye matenga yake yalihitaji wabebaji, alikuwa na kabichi za mboga ya nyumbani. Grace aliandika yote kwa uaminifu. Mashine ikajumlisha, ikapiga hesabu, ikatoa karatasi safi iliyosema kwamba mlima mzima wa Uluguru, wiki ile, ungekuwa na kidogo.

Ignas akaiamini. Alimwambia mnunuzi alete lori dogo. Jumamosi ile kabichi zilishuka kama maporomoko. Zilijaa bandani, zikafurika barabarani, na lori dogo lilipoondoka, Fuso za wafanyabiashara zilikuwa zimeshajipanga ng'ambo, madereva wakichezesha funguo, wakinunua kwa bei ya kutupa. Wanawake waliouza hivyo hawakumtazama Ignas usoni walipompita. Mkutano mkuu ulikuwa umekaribia, na mtu mmoja aitwaye Maneno, aliyekuwa na ulimi wenye kustahili jina lake, alianza kumwita Ignas "Bwana Kidogo".

Jumapili Ignas alipanda mlimani peke yake baada ya misa. Kwa watoto wa mlimani mtu akiemewa hurudi kwa mama. Alimkuta mama yake ameketi uani akipepeta mchele, na nyuma yake maharage yalikuwa yametambaa mteremko mzima, kijani mpaka macho yanauma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda? Winfrida hajambo?"

"Hajambo." Akapokea kikombe cha uji, akayatazama maharage. "Mwaka huu maharage yakoje, mama?"

"Aa," mama yake alisema bila kugeuka. "Kidogo tu."

Ignas alicheka hata uji ukamwagika. Kisha akaacha kucheka. Mama yake hakuwa mwongo. Alikuwa mwanamke wa rozari na wa neno moja. Wala hakuwa akimficha mwanawe kitu, maana maharage yalikuwa pale, yakimwangalia.

"Mama, kwa nini unasema kidogo?"

Mama alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza mbona jua lina moto. "Utayataja yakiwa shambani? Mvua haijanyesha ya mwisho, wadudu hawajala ya kwao, macho ya watu hayajapita. Chakula hutajwa kikiwa chunguni. Wewe shuleni hawakukufundisha?"

Hawakumfundisha, lakini alilijua. Alilijua tangu kuzaliwa kama alivyoijua njia ya kisimani, na kwa kuwa alilijua hivyo hakuwahi kuliona. Alikuwa amemweka Grace bandani awaombe wanawake wa mlimani wafanye jambo ambalo mama yake mwenyewe asingelifanya kwa mwanawe wa kumzaa.

Alikuwa angali akilitafakari hilo Mwaisha alipopita kwenye njia ya juu, kuni kichwani.

"Wee mtumwa wangu!" alimpigia mama yake Ignas kelele. "Mchoyo mkubwa! Maharage yako yameshuka mpaka mtoni, mwaka huu utaoza nayo, na hata kikombe hujaniletea!"

Mama yake Ignas alitupa ungo chini. "Mtoni wapi, kichwa cha panzi wewe? Macho yako yana ukungu! Yameishia kwenye mgomba ule pale, na nusu yake nimepanda baada ya Pasaka, hayajatoa hata ua! Gunia tano nikizipata nitashukuru!"

"Tano! Kumi na tano!"

"Saba, na hiyo ya saba ni ya panya!"

Mwaisha akacheka, akaendelea na njia yake. Mama yake Ignas akaokota ungo wake, akaanza tena kupepeta, ameburudika kabisa. Hakuona kwamba amesema chochote. Hakuwa amejisifu, alikuwa amejitetea tu dhidi ya mtani. Lakini ndani ya matusi yale Ignas alikuwa amesikia zao, mahali lilipoishia, wakati lilipopandwa na kiasi kitakachovunwa, tena bila kumuuliza mtu.

Aliinuka, kikombe kikiwa bado mkononi, akasahau hata kuaga. Mama yake ilibidi amwite arudishe kikombe.

Siku ya soko iliyofuata alisimama nyuma ya kiti cha Grace. "Leo usimuulize mtu ana nini," alimwambia. "Muulize mtani wake ana nini."

"Bwana Katibu, mimi ni Mchaga. Sijui nani mtani wa nani."

"Uliza tu. Watakuja wenyewe."

Mzee Kibwana alisikia, akasogea na fimbo yake. "Bwana Katibu, chama kiendeshwe kwa matusi? Na mtani si huongeza chumvi?"

"Ataongeza, Mzee. Na mwenye shamba atakanusha. Huyu akisema milima na yule akisema vichuguu, watakutana mahali. Hapo wanapokutana ndipo Grace ataandika."

Mzee Kibwana alifikiri. "Na asiye na mtani?"

"Mlima huu? Asiye na mtani wa ukoo ana shemeji. Asiye na shemeji ana mjukuu."

Grace aliuliza kwa aibu, sauti ndogo, swali la kwanza. "Jamani, nani anajua kabichi za mama Felista?"

Pale bandani palikuwa kama amechokoa nyuki. Mmoja alisema kabichi za Felista zimeziba njia ya kanisani hata padre anazunguka. Felista, mwanamke mpole asiyepandisha sauti hata siku ya harusi yake, aligeuka na kutaja matuta yake moja baada ya jingine, na lini alihamisha miche, na ngapi zilikatwa na wadudu, ili dunia nzima ijue jinsi alivyosingiziwa. Grace alipiga kibodi mpaka vidole vikamuuma. Mwingine akashambuliwa kuhusu karoti, mwingine njegere. Wanaume nao wakasogea kutoka kwenye kivuli, kwa kuwa shemeji zao walikuwa wametajwa. Mchana ulipofika Grace, Mchaga wa watu, alikuwa ameshapewa watani wawili na jina la kutaniwa, na alikuwa anacheka huku kitambaa chake cha zambarau akikifutia vumbi la skrini.

Karatasi iliyotoka jioni ile haikusema kidogo. Ignas aliisoma, akaisoma tena, akampigia simu mnunuzi, akamwambia alete lori kubwa. Winfrida alishuhudia jinsi alivyolala wiki ile: hakulala. Jumamosi alikwenda bandani kabla ya jua. Matenga yalishuka, yakapimwa, yakapakiwa, na mchana lori lilipofungwa turubai, chini ya mizani palibaki majani machache na mbuzi wa jirani, amesimama, ameduwaa.

Wiki nyingine hesabu ilikosea, kwa kuwa mvua haina mtani. Lakini mnunuzi alirudi, na wenzake wawili wakamfuata.

Mkutano mkuu ulifanyika chini ya bati lile lile. Ajenda zilipokwisha Mzee Kibwana alikohoa.

"Bwana Katibu, mwaka jana ulituachia neno."

Ignas alisimama. Hakuna aliyelisahau, na yeye hakutaka lisahauliwe. "Neno langu lipo, Mzee. Amueni."

Maneno ndiye aliyeinuka kwanza. "Mimi nauliza tu. Kilichotufaa ni mashine, au midomo ya hawa wanawake?"

Watu walicheka, lakini walimgeukia Ignas, na Winfrida aliyekuwa ameketi kwenye benchi la wageni aliona mumewe amependezwa na swali lile kuliko alivyotishwa nalo. Alilifikiri kweli, mbele ya watu wote.

"Bwana Maneno amesema kweli," Ignas alijibu mwishowe. "Mashine peke yake ilikaa miezi kadhaa kwenye kapeti bila kujua lolote. Lakini midomo hii tunayo tangu mababu, na lori lilikuwa likiondoka tupu. Nilikosea kuidhania mashine kuwa ndiyo akili. Ni kapu. Sikujua kwamba kapu hubebwa kwa namna ya mbebaji. Kama kosa hilo linatosha kunitoa, nitoeni."

Alikaa. Ndipo Mwaisha akasimama, akajifunga khanga vizuri.

"Mimi nataka atoke!"

Mzee Kibwana alishtuka. Hata Grace aliinua kichwa.

"Atoke chumbani mwetu," Mwaisha aliendelea. "Kompyuta iko bandani inalima, haina neno, ibaki. Katibu naye abaki, maana akitoka nitamtukana nani? Lakini chumba chetu bado kimefungwa, ufunguo anao yeye tangu Grace ahamie bandani, na ndani kuna kapeti linatunzwa kama bibi harusi. Turudishiwe chumba!"

Mikono iliyoinuka haikuhitaji kuhesabiwa. Ignas alitoa ufunguo mfukoni na kuukabidhi mbele ya mkutano. Alijaribu kuonyesha uso wa mtu aliyeshindwa, hakuweza.

"Na kapeti, mtani?" aliuliza. "Kapeti mtalifanya nini? Lile nililichagua mwenyewe."

"Kapeti nalichukua mimi," Mwaisha alisema. "Litakaa kwangu, nitalitunza kuliko ulivyolitunza wewe. Na siku utakapokufa, mtumwa wangu, nitakutandikia. Tuone nani atathubutu kukupeleka na viatu."

Ignas alicheka mpaka akashika meza, akasimama, akampa Mwaisha mkono mbele ya chama kizima ili liwe neno la mashahidi.